Neno Mwenyeji na Mrija wa Babu Idi

Niliondoka Nakuru kwa sababu ya alama ya X iliyopakwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa baba yangu mdogo huko Malaba. Alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa nachambua mchele. Baba mdogo Twaha si mtu wa kupiga simu. Yeye hutuma salamu kwa watu, na zikichelewa hajali. Kwa hiyo nilipoona jina lake nilidhani kuna msiba.

"Saada, wamepaka mlango," alisema.

"Nani amepaka?"

"Kamati ya ardhi. Wanaandika wenyeji. Sisi hatumo."

Kiwanja chenyewe kiko kando ya barabara ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Babu yangu, Idi, alipewa na rafiki yake Mteso, Mzee Okiring, kwa neno la mdomo tu. Babu alikuwa mpishi wa genge la reli. Baba yake alikuwa Mmanyema, mama yake Mnubi, naye alifika Malaba na sufuria mbili na msahafu. Hapo alijenga, akazaa, akafa, akazikwa nyuma ya nyumba. Sasa ukoo wa Okiring ulikuwa umeunda kamati ya kuandikisha wenyeji ili mpima ardhi apate orodha yake. Ambaye jina lake lisingekuwamo kufikia Alhamisi jioni angehama. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mjukuu wa Okiring mwenyewe, anaitwa Etyang.

Mimi nimezaliwa Nakuru, lakini nikiulizwa nyumbani ni wapi, najibu Malaba. Hapa Kenya ukikosa jibu la swali hilo watu hukutazama kama umeiba kitu. Kwa hiyo mlango ule ulikuwa mlango wangu pia, na kaburi lile ni la babu yangu. Isitoshe, nimekuwa mkalimani wa mahakama kwa zaidi ya miaka ishirini. Baba mdogo aliamini kwamba kwa kuwa najua maneno, nitajua la kusema. Nami kwa kiburi changu niliamini hivyo hivyo.

Jumanne alfajiri nilipanda basi la Kisumu na daftari jipya mkobani. Mpango wangu ulikuwa huu: kote nitakakopita nitauliza watu wanamwitaje mwenyeji kwa lugha yao, mtu wa asili ya mahali, na wanamwitaje aliyekuja baadaye. Nikifika mbele ya kamati nitawabana kwa maneno yao wenyewe, mpaka wakose pa kushika. Mahakamani nimeona kesi zikigeuka kwa neno moja. Sikujiuliza kama Malaba ni mahakamani.

Kericho kulikuwa na mvua, na wachumaji wa chai walikuwa wamejifunika nailoni. Kisumu nilibadilisha gari. Njia nzima nilikuwa naandika. Niliandika kwanza ya Kiswahili: mwenyeji, mzawa, mwenyeji asilia. Chini yake nikaandika neitivu, neno la mkoloni, ambalo mama yangu alikuwa akitusimulia kwamba lilipigwa muhuri kwenye kipande cha babu, kile kitambulisho cha enzi hizo. Wakati ule kuitwa hivyo kulikuwa ni kuambiwa simama huko, usikalie kiti hiki. Leo watu wanapigania kuwa kile ambacho babu zao walitukaniwa. Nilijiona hodari sana kwa kuliwaza hilo, nikalipigia mstari chini.

Saa kumi alasiri nilishuka Bumala, kwenye makutano. Auma alikuwa ananingoja pembeni mwa wauza ndizi. Tulifanya kazi pamoja Nakuru, yeye akiwa karani wa mahakama, kisha akastaafu na kuhamia kwa mumewe Mmarachi, mmoja wa Waluhya wa hapo. Yeye mwenyewe ni Mjaluo. Ni mwanamke mkubwa wa mwili na sauti, na hajui kunong'ona.

"Saada! Umekonda ama ni hasira?"

"Vyote viwili."

Jioni hiyo, tukiwa tunakula omena na ugali wa mtama, nilitoa daftari. Auma alilitazama kama nyanya anavyomtazama mjukuu anayechezea kiberiti.

"Kijaluo tunasema weg lowo, wenye udongo," alisema. "Na mwenye alikuja akaomba mahali pa kukaa, huyo ni jadak. Kiluhya cha hapa wanasema omumenya. Lakini nikuambie kitu. Hiyo maneno, jadak, omumenya, watu hawaisemi hivi hivi. Mtu anaweza kaa na wewe miaka yote, mnazikana, mnaoleana, na hakuna mtu anaisema. Siku mmekosana juu ya ng'ombe, ndio inatoka. Inakuwa ilikuwa imekaa tu kwa mdomo ikingoja."

"Na wewe hapa wanakuitaje?"

Alicheka mpaka mezani pakatikisika. "Mimi? Mama ya watoto. Siku ya matanga mimi ni mke wa nyumba hii. Siku ya kugawa shamba, mimi ni yule Mjaluo." Kisha akaacha kucheka. "Huyo Etyang unaenda kumwambia nini?"

Nilimsomea niliyoandika kuhusu neitivu. Alisukuma sahani yake kando.

"Saada, unaenda kutafuta nyumba ama unaenda kushinda?"

Ukweli ni kwamba nilikasirika. Niliona ananionea wivu wa akili.

Jumatano asubuhi, saa tatu, nilikuwa Busia. Baba mdogo alikuwa ameniambia nipite kwa Hajati Nakato, Muganda mwenye duka la vitenge upande wetu wa mpaka, ambaye amekuwa akinunua mtama na njugu kutoka kwake kwa miaka mingi. Baba mdogo alikuwa amemwachia nakala ya tangazo la kamati, kwa kuwa aliogopa kukaa nayo nyumbani. Hilo lilinishtua. Mtu anayeficha karatasi iliyobandikwa kwenye miti yote ya Malaba ameogopa kweli kweli.

Hajati aliniketisha juu ya robota la kitenge, akaniletea chai na mandazi. Tangazo lilikuwa limeandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kiswahili na Kiteso. Kwa Kiswahili walisema "wenyeji asilia wa mahali hapa". Kwa Kiingereza walitumia lile neno refu ambalo wazungu walilitoa kwenye Kilatini, na ambalo asili yake ni mtu aliyezaliwa humo humo. Nilifurahi karibu nipige vigelegele. Baba mdogo alizaliwa humo humo! Alizaliwa katika chumba kile kile ambacho mlango wake umepakwa rangi. Nikaandika kwa herufi kubwa.

"Nyabo, mbona unacheka peke yako?" aliuliza Hajati, akiniita mama kwa Kiganda chake.

Nilimweleza, nikamwuliza Kiganda wanasemaje.

"Sisi tunasema munnansi. Mwana wa nchi. Huyo hata mimi naweza kuwa, nikiwa na karatasi. Lakini kuna mutaka. Mutaka ni mwenye udongo, mwenye bajjajja yake, babu zake, wamelala pale chini." Alikunja kitenge taratibu. "Na mwenye amekuja ni omugwira."

"Omugwira anaweza kuwa mutaka?"

"Hiyo, nyabo, mimi siwezi kukudanganya. Uliza makaburi."

Nilitoka dukani na tangazo mkobani. Barabarani malori yalikuwa yamesimama mstari hadi macho yanapokoma, na mabodaboda yakijipenyeza katikati yake na kreti za soda. Nilijaribu kufikiria kiwanja chetu kikichukuliwa na kugeuzwa uwanja wa kuegesha malori, babu akiwa chini ya magurudumu. Nilinunua sukari kilo mbili na majani ya chai, kwa sababu huwezi kwenda ugenini mikono mitupu. Nilikuwa nimeshaipakia mkobani niliposhtukia kwamba nimepaita kwetu ugenini.

Saa nane mchana nilifika Malaba. X ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, na rangi ilikuwa imechuruzika hadi kizingitini. Ndani, Mama Shamimu, mke wa baba mdogo, alikuwa ameshafunga nguo katika magunia mawili na sufuria katika la tatu. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka, vidonge vyake vya presha mbele yake, na uji aliopewa asubuhi ulikuwa umeganda kikombeni.

"Umekuja," alisema, na machozi yakamlenga. Sijawahi kumwona hivyo. Nilishika magoti yake.

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Vijana wa kamati walikuwa wamechomeka vigingi vyenye utepe mwekundu. Vigingi vilipita kati ya ukuta wa jikoni na kaburi la babu, hatua tatu tu kutoka kichwani mwake. Nyumba ilikuwa upande mmoja na babu upande mwingine.

"Wamesema kila familia ilete mtu wa ukoo wao, mwenye aliona ikipewa ardhi," alisema. "Hao wote wamekufa, Saada. Amebaki Tata Apolot peke yake, mke wa Okiring. Na anakaa kwa Etyang. Etyang anasema kichwa ya tata imechoka, asisumbuliwe."

Tata ni jina wanalowaita bibi kwa Kiteso. Nilisema nitaenda kumwamkia tu. Kuamkia si kusumbua, na nimeleta sukari ya nini basi?

Alasiri ile ile nilivuka barabara, nikaingia uani kwa Etyang. Tata Apolot alikuwa ameketi sakafuni ndani ya nyumba yake, miguu ameinyoosha. Mbele yake kulikuwa na mirija mirefu ya kunywea ajon, pombe ya wimbi ambayo Wateso huinywa pamoja kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Kesho wazee wangekaa kikao, na pombe ilikuwa imeshapikwa. Alikuwa anaiosha mirija mmoja mmoja kwa kitambaa, akikagua vichujio vya nchani, kisha akiilaza upande wa pili. Mingi ilikuwa imekuwa myeusi kwa miaka.

"Yoga, tata," nilimwamkia.

"Yoga noi." Alinikodolea macho. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Idi. Mjukuu. Wa Nakuru."

"Idi!" Akapekua mirija, akachomoa mmoja uliokuwa na rangi ya majani makavu, safi, bila doa. Akauinua. "Hii ni ya Idi."

Damu ilinipanda kichwani. Babu yangu hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa akiswali hadi paji la uso likaota sugu. Nilidhani bibi ananitania, tena utani wa kejeli, siku moja kabla ya kutunyang'anya nyumba. Ningekuwa na akili ningemwuliza neno moja tu. Lakini mimi ni mtu wa hasira za karibu, mume wangu hulijua hilo. Nilitua sukari mlangoni, nikaaga kwa ubaridi, nikatoka. Na pale uani nilikutana uso kwa uso na Etyang.

Ni mwanamume wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Alikuwa na orodha chini ya kwapa.

"Mama, karibu. Lakini tata yangu mzee. Tusimweke kwa hii mambo."

"Nilikuja kumwamkia."

"Umemwamkia. Sawa. Kesho saa nne." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akasema, "Mimi pia iko na watoto wanne wavulana, mama. Hakuna mwenye ameuliza wao watajenga wapi."

Sikutaka kusikia hilo. Ni rahisi zaidi kupambana na mtu mbaya.

Alhamisi saa nne asubuhi, uani kwa Etyang palikuwa pamejaa. Walikuwa wamekodi hema na viti vya plastiki. Wazee wa ukoo walikaa mbele, kamati mezani, na sisi wenye kesi tulikaa kando, familia tano. Mpima ardhi, kijana mwenye kofia, alikuwa ameketi na kalamu tayari. Chungu cha ajon kilikuwa katikati kimefunikwa, kwa maana kikao huanza kwa maneno na huishia kwenye chungu.

Familia ya kwanza haikuwa na shahidi. Jina halikuandikwa. Mama mmoja alianza kulia bila sauti, kitambaa mdomoni. Familia ya pili ilikuwa na shahidi, ikaandikwa. Kisha Etyang akasema, "Familia ya Idi."

Nilisimama. Baba mdogo alikuwa ameshika upindo wa buibui langu kama mtoto. Nilifungua daftari, nikasema kwa Kiswahili changu cha mahakamani. Niliwaeleza maana ya neno waliloandika, kwamba ni mtu aliyezaliwa humo humo, na kwamba Twaha alizaliwa katika nyumba ile, na kwa hiyo, kwa neno lao wenyewe, ni mwenyeji asilia.

Etyang alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Mama, ng'ombe ya mgeni ikizaa kwa boma yangu, ndama inakuwa yangu?"

Watu waliangua kicheko. Hapo ndipo nilipotoa ile silaha niliyoipigia mstari ndani ya gari. Nikasema kwamba neno hili wanalojivunia tulilipewa na mkoloni, kwamba yeye ndiye aliyetugawa kwa makundi na kutupiga muhuri wa neitivu, na kwamba kabla yake hakuna aliyekuwa mwenyeji wala mgeni.

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja alisimama akiwa anatetemeka, fimbo mkononi.

"Unasema sisi tulipewa hii nchi na mzungu?"

"Sikusema hivyo, mzee..."

"Umesema! Umetoka Nakuru kuja kutuambia sisi si wenyewe!"

Vijana walisimama nyuma ya hema. Mtu mmoja alipiga kelele tutolewe. Mama Shamimu akaanza kusoma dua kwa sauti. Etyang alikuwa akigonga meza, lakini hakuna aliyemsikia. Nilimtazama baba mdogo, nikaona anaangalia chini. Nilijua wakati ule kwamba nimemwangamiza. Maneno yote niliyookota toka Bumala hadi Busia yalikuwa yamegeuka kuni, na mimi ndiye niliyewasha.

Ni wazee wenyewe waliotuliza vurugu. Mmoja wao alisema kwa Kiteso, nami nikaelewa kiasi, kwamba watu wakipandwa na hasira hufunuliwa chungu, kwa sababu aliye na mrija mdomoni hatukani. Wakamwita Tata Apolot alete mirija ya nyumba.

Alikuja akijikokota, furushi la mirija begani. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kumbe kuna desturi sikuijua: mirija ya nyumba kubwa haigawiwi ovyo. Huitwa kwa majina ya wenyewe, hata waliokufa. Ya walio hai hupewa wenyewe, ya waliokufa hulazwa kando ya chungu, ili nao wawepo. Tata akaanza, akiinua mmoja mmoja.

"Ya Okiring." Akaulaza. "Ya Ekisa." Akaulaza. "Ya Papai." Mzee mwenye fimbo akaupokea. Akaendelea hivyo, na vijana waliosimama nyuma wakaketi. Kisha akauinua ule usio na doa.

"Ya Idi."

Akaulaza kando ya chungu, karibu kabisa na ule wa Okiring.

Nilifunga daftari. Nilimwendea bibi yule, nikapiga magoti mbele yake, si kwa mbinu.

"Tata, nisamehe jana. Nikuulize. Mgeni akija hapa, hukatiwa mrija?"

"Mgeni?" Alishangaa kana kwamba nimeuliza kuku ana meno mangapi. "Mgeni anaazimwa. Akimaliza anarudisha, anaenda. Unakatia mtu wa nyumba."

"Lakini babu alikuwa hanywi."

"Alikuwa hanywi hata kidogo! Alikuwa anakaa hapo," akaelekeza kidole, "na kikombe yake ya chai. Okiring akasema huyu mtu anakaa na sisi, anatuzikia watu, na hana mrija, ni kama anapita njia tu. Akaenda yeye mwenyewe mtoni, akakata. Akaniambia, Apolot, hii itakaa na zangu. Isitupwe."

"Kwa nini akatiwe, tata, na hatautumia?" aliuliza mpima ardhi. Nadhani alikuwa amesahau kwamba hayumo.

"Kwani mrija ni ya kunywa peke yake?" alisema Tata. "Ni ya kukaa."

Etyang alikuwa amesimama, mikono juu ya orodha.

"Tata," alisema, "hiyo ni mambo ya zamani sana. Una uhakika ni ya Idi?"

Bibi alimgeukia. Hakuonekana mtu wa kichwa kilichochoka.

"Wewe uniulize mimi? Kila Krismasi nani alikuwa anaosha hizi mirija? Si wewe? Si ulikuwa unaniuliza, tata, mbona hii haina uchafu na tunaiosha? Nilikujibu nini?"

Etyang alitazama ule mrija kwa muda mrefu. Alikuwa anajua. Tangu siku walipopaka ule mlango alikuwa anajua, na nadhani ndiyo maana hakutaka tata asumbuliwe.

"Nilikujibu nini?" bibi alirudia.

"Ulisema ni ya mwenzetu," alisema Etyang.

Mzee mwenye fimbo aliguna, akasogeza kiti chake kidogo. Baina ya kiti chake na cha jirani yake pakapatikana nafasi. Etyang akaondoka mezani. Aliuokota mrija wa babu kwa mikono miwili, akamletea baba mdogo.

"Mzee Twaha, keti."

Baba mdogo alisimama kwa shida. Aliupokea, akaenda kukaa katika ile nafasi, mrija ameusimamisha kati ya magoti yake. Uso ulikuwa umemlowa naye hajifuti. Kisha akasema jambo ambalo mimi, na kalamu zangu zote, nisingelifikiria.

"Etyang, hao vijana wako wanne. Pale mbele kwa barabara, mimi siwezi kulima tena. Tutakaa chini, tuongee. Lakini mimi siendi."

"Huendi," alisema Etyang.

Mpima ardhi aliuliza aandike nini. Etyang akamwambia aandike Twaha wa Idi, chini ya nyumba ya Okiring. Mama Shamimu alikimbia nyumbani kufungua magunia, akarudi na birika la chai, na baba mdogo akanywa kikombe chake pale pale, mrija mkavu mkononi, wenzake wakivuta ajon. Furaha yangu haikuwa kamili, nikiri. Yule mama wa familia ya kwanza alikuwa bado amekaa peke yake kando, kitambaa mdomoni. Nyumba yake haikuwa na Tata Apolot wa kuikumbuka. Nilimwendea, nikaketi naye, na safari hii sikufungua daftari. Aliomba nimwandikie barua ya rufani, nikamwandikia kama alivyosema, bila kuongeza la kwangu.

Ijumaa, baada ya swala, niliwaaga. Vigingi vya nyuma ya nyumba vilikuwa vimeng'olewa na vijana wa Etyang wenyewe. Mama Shamimu alikuwa ameusugua mlango kwa mafuta ya taa, lakini X ilibaki ikionekana kwa mbali, ya waridi. Baba mdogo alisema asipake rangi nyingine juu yake. Anataka wajukuu waulize.

Nilirudi kwa njia ya Bungoma na Eldoret. Njiani nilimpigia Auma simu, nikamsimulia yote, hata lile la kutaka kushinda. Hakunisimanga. Alisema tu kwamba hata huko kwao, weg lowo wakitaka mtu akae, hawampi neno, wanampa kazi kwenye mazishi. Nikaliandika hilo pia. Daftari langu linayo maneno mengi mazuri ya watu wa mpaka ule, na yote ni ya kweli. Ila kila neno nililipewa pamoja na kinyume chake, mwenye udongo na aliyekuja, na nilikwenda Malaba nikidhani kazi yangu ni kuchagua moja kati ya mawili. Babu alikuwa amekaa miaka yote kando ya chungu na kikombe chake cha chai, na hakuna aliyemwuliza yeye ni lipi.

Wiki mbili baadaye, nikiwa tena jikoni Nakuru, simu ililia. Ni baba mdogo, na mara hii sikushtuka.

"Saada, Tata Apolot yuko hapa na mimi. Anauliza, wewe unakunywa ajon?"

"Mwambie sinywi. Mwambie mimi ni kama babu."

Nilisikia akimtafsiria, kisha sauti ya bibi ikisema jambo refu kwa Kiteso, na watu wakicheka.

"Anasema hajauliza juu ya kunywa," alisema baba mdogo. "Leo wanaenda mtoni kukata. Anataka kujua yako iwe na urefu gani."

Nilizima jiko kwanza, nikakaa kwenye kigoda.

"Mwambie uwe mrefu," nilisema. "Nitakuwa nakaa mbali kidogo na chungu, lakini nitakuwepo."